Tarishi Asiyetoka Nyumbani

Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa nne, ndiyo siku mambo yalipoharibika, na wala msisingizie mvua. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Milango miwili ya bwawa ilifunguliwa mchana kweupe kwa sababu wageni wakubwa walikuwa wamepangwa juu ya ukuta na kamera zao, na maji yanayoporomoka hupendeza pichani kuliko maji yaliyotulia. Huko chini, kwenye kona ya mto, wachimba mchanga walikuwa wameinama na ndoo zao. King'ora cha kilimani, kilichowekwa makusudi kuwaambia watoke, hakikulia. Watu sita walichukuliwa. Kufikia Alhamisi asubuhi watano walikuwa wameokotwa.

Inspekta aliyepewa kesi walimwita Kupe. Jina hilo alipewa na wenzake kituoni, maana akishang'ata hang'oki, naye alilijua na hakulikasirikia. Alhamisi hiyo alimkuta mwanamke ameketi kwenye benchi la nje ya kituo, chupa ya chai mapajani, kanga ameifunga kama mtu aliyetoka nyumbani mbio.

"Nani huyo?" alimuuliza askari wa zamu.

"Dada yake yule fundi tuliyemweka ndani. Yupo hapo tangu jana jioni. Chai hataki kumpelekea ndugu yake, na kwake harudi."

"Kwa nini?"

"Muulize mwenyewe, afande. Mimi nimeuliza, nimejuta."

Kupe akatoka, akasimama mbele ya benchi. Mwanamke hakuinuka.

"Yule wa sita ambaye hajaonekana ni mume wangu," alisema. "Na aliyeiweka hiyo mashine iliyonyamaza ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimechemsha chai, nimefika hapa mlangoni, mkono umegoma. Niambie wewe, afande. Kama ni yeye, niimwage. Kama siye, nimpelekee. Lakini niambie kabla mahakama haijaniambia."

"Mahakama ni kesho asubuhi."

"Ndiyo. Basi una leo."

Mkuu wa kituo naye alikuwa amekwisha kusema lake kwa simu, tena akiwa bado kitandani kwa jinsi sauti ilivyokuwa nzito. "Fundi anatosha, Kupe. Mtu amepewa kazi, kazi imeua. Andika mashtaka, nisaini, kesho apande kizimbani. Huko juu wanataka jina, hawataki hadithi." Ndivyo dunia ilivyopangwa. Jengo likisimama, sifa hupanda ghorofani kwa ngazi. Likianguka, lawama humwangukia mchanganya zege.

Fundi walimwita Waya kwa wembamba wake. Alikuwa ameegemea ukuta wa mahabusu, shavu la kushoto limevimba kama amefumbata ndimu.

"Nani amekupiga?" Kupe aliuliza.

"Hakuna. Ni jino. Niling'olewa Jumatatu."

"Niambie ulichokiweka pale bwawani. Uniambie kama unavyomwambia mtoto."

Waya alimeza mate kwa shida. "Ni seva, afande. Kompyuta kubwa isiyozimwa. Ya zamani ilikufa, nikaambiwa niweke mpya. Ndani yake nimeweka Linux, ule mfumo unaoiendesha, halafu juu ya Linux nikaweka programu ya kupeleka barua pepe. Sisi pale kazini tunaiita tarishi. Yule wa milango kabla hajafungua hubonyeza kitufe, tarishi anachukua barua ya tahadhari, anaipeleka kwa Mama King'ora. Mama King'ora anabonyeza, mto mzima unasikia. Inasubiriwa nusu saa, ndipo milango inafunguliwa."

"Kwa nini barua? Simu hazipo?"

"Zilikuwepo. Zikaondolewa."

"Na nani?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni fundi. Naletewa tu cha kufunga."

"Ulipomaliza ulimjaribu huyo tarishi?"

"Ijumaa. Nilijitumia barua kwenye simu yangu, nikamtumia na Meneja kwenye simu yake. Zikafika zote kabla sijaondoa kidole. Meneja akasema safi, nenda nyumbani."

"Na Mama King'ora?"

"Nilikatazwa. Yule mama akiona barua ya tahadhari kutoka bwawani, analiza. Haulizi. Meneja akasema wageni wanakuja Jumatano, wasisikie king'ora cha majaribio hata kimoja, watu wasije wakatiwa hofu wakaandikwa magazetini."

"Salamu je? Ungemwandikia hata 'umeamkaje', asingeliza."

Waya aliinamisha kichwa.

"Hiyo 'umeamkaje' ndiyo imenikalia kifuani tangu jana," alisema. "Dada yuko nje, sivyo? Nasikia anakohoa."

"Yuko nje."

"Usimwambie nilikuuliza."

*

Kituo cha king'ora kilikuwa kibanda cha mabati juu ya kilima, chenye meza, kiti, kompyuta moja na kitufe chekundu kilichofunikwa kwa kopo la maziwa lililokatwa. Ukutani palipigiliwa kibao: HAKUNA MAANDISHI, HAKUNA KING'ORA. Mama King'ora alikuwa mnene, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipowaona Kupe na Sajini wakipanda alianza kusema kabla hawajafika.

"Sikulala! Waliotangaza kuwa nimelala walaaniwe. Nina shinikizo la damu, mimi mchana silali, na usiku ndiyo kabisa."

"Hakuna aliyesema umelala, mama," alisema Sajini. Huyu alikuwa msichana mrefu aliyesomea kompyuta, akapelekwa polisi, na polisi wakampa kazi ya kuchapa barua za likizo. Kupe alimwomba asubuhi ile, na mkuu wa kituo alimtoa kwa moyo mweupe, maana hakujua anamtolea nini.

"Watasema," mama alijibu. "Subiri kidogo utaona."

Kupe alielekeza kidole kwenye kibao. "Hiki kililetwa lini?"

"Mwaka juzi. Yule wa milango alinipigia simu kwamba anafungua, nikaliza. Kumbe akaambiwa asifungue. Sasa kulikuwa na mkubwa mmoja kakaa pale chini kando ya mto na wageni wake, na viti vyao vya kukunja. Basi wakakimbia viatu mkononi, mkubwa akateleza, suruali ikachanika huku nyuma." Alitaka kucheka, akakumbuka siku ilivyokuwa, akaacha. "Kesho yake simu ikang'olewa, kikaletwa kibao. Kwa suruali moja, mwanangu. Suruali moja."

Sajini alikuwa tayari kwenye kompyuta. Dhana ya kwanza ilikuwa nyepesi: huenda kosa lilikuwa hapa hapa kilimani, intaneti imekatika au sanduku la barua limejaa. Mkuu wa kituo alikuwa amelitaja hilo pia, kwamba fundi akiponyoka basi atafaa mama.

"Jana ulipata barua yoyote?" Kupe aliuliza.

"Moja. Kutoka makao makuu. Inasema wafanyakazi wote tuvae sare mpya kwa ajili ya wageni. Mimi sare sijapewa."

"Ilifika lini?"

Sajini alijibu badala yake. "Iliingia muda mfupi kabla ya tahadhari kutumwa, afande. Na nyingine iliingia baada ya maji kupita, ya kuwashukuru wageni. Intaneti haikukatika. Sanduku liko tupu. Tahadhari yenyewe haipo, na kwenye takataka haipo."

"Kwa hiyo barua za makao makuu zinafika, za bwawani hazifiki."

"Za bwawani hazijafika hata moja tangu Ijumaa. Nimeangalia. Zamani zilikuwa zinakuja kila asubuhi, taarifa ya kina cha maji. Ijumaa zimekoma."

Kupe alimgeukia mama. "Hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nikamwambia karani wa bwawani, akanijibu, mashine mpya, mama, tulia." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena ikiwa na ukungu ule ule. "Niliyaona maji kabla ya mtu mwingine yeyote, afande. Kutoka hapa yanaonekana yakigeuka kona. Nilisimama na mkono juu ya hicho kitufe. Kibao kile pale. Nikasema labda barua inakuja. Nilipobonyeza yalikuwa yameshafika kwao."

Walishuka. Katikati ya njia Kupe aliuliza, "Kwa hiyo mama hahusiki."

"Kompyuta yake haihusiki," alisema Sajini.

*

Chumba cha seva bwawani kilikuwa stoo ya zamani iliyopakwa rangi nyeupe upande mmoja tu, ule unaoonekana mlango ukifunguliwa. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku jeusi linalonguruma. Ubavuni palikuwa pamebandikwa karatasi yenye neno la siri, kwa herufi kubwa, ili asiyeona vizuri naye asipate taabu.

Ndani walimkuta mtaalamu wa makao makuu, mtu wa makamo mwenye shati la mikono mifupi, anafungua begi lake. Meneja alisimama nyuma yake akiwa bado na beji ya sherehe ya jana kifuani.

"Mmechelewa kidogo," alisema Meneja. "Mashine hii inafutwa sasa hivi, ianze upya. Ni agizo."

"La nani?"

"La juu."

"Juu kuna watu wengi."

"Ndugu yangu, mashine imeua watu, unataka tuiache ifanye kazi?"

"Naam," alisema Kupe. "Nataka ifanye kazi ile ile iliyokuwa inafanya jana. Huyu mtaalamu akae hapo kwenye ndoo, tutamwita. Mashine imekamatwa."

"Mtakamataje mashine?"

"Kama tulivyomkamata aliyeiweka. Tofauti ni kwamba hii haina dada wa kukaa benchini."

Sajini alivuta kiti. Kupe alisimama begani kwake, akauliza kila alichokiona, naye akamjibu bila kumcheka.

"Kwanza tuone kama tarishi yuko hai. Yuko. Sasa tuone kama mlango wa kutokea umefungwa. Mara nyingi watu wa intaneti hufunga njia ya barua wakiogopa matapeli." Aliandika, akabonyeza. Simu ya Kupe ikalia mfukoni. "Haujafungwa. Umepata?"

"Nimepata. Umeandika 'afande mguu wako uko juu ya waya'."

"Uko juu ya waya."

Aliuondoa. Dhana ya pili ikafa nayo. Tarishi alikuwa anatoka, anafika mjini, anarudi. Waya hakusema uongo.

"Sasa mwandikie Mama King'ora," alisema Kupe. "Andika salamu tu."

Sajini aliandika *Umeamkaje mama*. Akabonyeza, akafungua kumbukumbu za mashine, yale maandishi madogo ambayo seva hujiandikia yenyewe kila inapofanya jambo. Mstari mpya ukatokea. Akausoma mara mbili.

"Inasema imefikishwa."

Kupe alipiga simu kilimani, kwenye simu ya mkononi ya mama. Mama King'ora akapokea, akatazama, akasema hakuna kitu. Akaambiwa asubiri. Akasubiri, akasema hakuna kitu, na kama wanamtania leo siyo siku yake.

"Imefikishwa," Kupe alirudia. "Imefikishwa wapi?"

Sajini alirudi kwenye ule mstari. Kidole chake kilitembea juu ya kioo neno kwa neno kama mtu anayechambua mchele, kikakwama.

"Hapa hapa," alisema polepole. "Inasema imeifikisha hapa hapa ndani. Haikutoka kabisa."

"Yangu ilitoka."

"Yako ni ya nje. Sikiliza, afande. Barua pepe ina jina la mtu, halafu ina jina la nyumba. Wafanyakazi wote wa kampuni nyumba yao ni moja, na nyumba hiyo iko makao makuu, mjini, kwenye mashine nyingine kubwa. Programu hii ukiiweka huwa inakuuliza, wewe nyumba yako ni ipi? Waya angesema, mimi ni kibanda cha bwawani. Yeye akaandika jina la kampuni nzima. Tangu hapo tarishi anaamini nyumba ya kampuni ndiyo hii. Ukimpa barua ya mtu wa nje, anavaa viatu anaondoka. Ukimpa ya mtu wa kampuni, anasema, aa, huyu anakaa hapa, halafu anageuka kumtafuta chumbani."

"Na ndiyo maana majaribio yalifaulu. Simu ya Waya ni anwani ya nje."

"Na ya Meneja vile vile. Naiona hapa, anatumia anwani yake binafsi. Ya kampuni haipendi."

Kupe alimwangalia Meneja, ambaye alikuwa anaitazama dari.

"Kosa ni la fundi basi," Meneja alisema bila kuteremsha macho. "Msichana amelieleza vizuri sana. Tumemaliza?"

Kulikuwa na jambo linalomkereketa Kupe, na lilikuwa la kawaida kabisa. Aliwahi kupeleka barua za kituo kwa miguu alipoanza kazi. Ukimkosa mwenye barua, barua huitupi. Unairudisha kwa aliyeiandika.

"Sajini, Mama King'ora hana chumba humu ndani."

"Hana."

"Tarishi akimtafuta asimwone, anafanyaje?"

"Anarudisha. Anaandika, hakuna mtu wa jina hili hapa, na..." Akarudi kwenye kioo. "Zilipaswa kurudi. Zote. Tangu Ijumaa."

"Kwa nani?"

Alifungua faili la mipangilio, akashuka nalo. "Waya ameandika, kila inayorudi iende kwa msimamizi. Anwani ni ya Meneja. Ya simuni."

Kupe alimgeukia Meneja.

"Bosi," alisema Kupe, "ulipata barua zilizorudishwa?"

"Napata barua nyingi."

"Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Zinasema hakuna mtu wa jina hili hapa."

"Takataka za mashine. Simu inalia nikiwa mezani, inalia nikiwa kwenye mkutano, inalia nikiwa na wageni wa maandalizi. Za kizungu kirefu. Nani anasoma hizo?"

"Zikakoma lini?"

"Jumatatu."

"Zilikomaje?"

Meneja aliteremsha macho sasa. "Nilisema zinyamazishwe."

"Ulimwambia nani?"

"Nilisema ofisini. Kwa sauti. Watu walikuwepo."

"Nani?"

"Watu! Mimi nikisema jambo halijawahi kukosa mtu wa kulifanya. Siulizi nani. Ndiyo uongozi."

"Ulimwambia Waya?"

"Waya hakuwepo. Aliomba ruhusa ya jino."

Sajini aliita bila kugeuka. "Afande. Njoo uone hapa."

Chini kabisa ya faili la mipangilio palikuwa na mstari mmoja usiofanana na mingine. Waya alikuwa na tabia ya kuandika maelezo mafupi juu ya kila alichokiweka, kwa Kiswahili, kwa ajili ya atakayekuja baada yake. Mstari huu haukuwa na maelezo. Uliamuru kwamba barua yoyote isiyo na mwenyewe humu ndani isirudishwe kwa mtu. Itumbukizwe kwenye sanduku liitwalo *pipa*.

"Faili limeguswa mara ya mwisho Jumatatu asubuhi," alisema Sajini.

"Waya anaweza kuligusa akiwa mbali? Kwenye kiti cha daktari wa meno, kwa simu?"

"Hapana. Mashine hii haifunguliwi kutoka nje. Lazima ukae kwenye kiti hiki."

Kupe alimpigia mganga wa meno, ambaye namba yake aliinakili kituoni kutoka bahasha ya dawa za Waya. Mganga alimkumbuka vizuri. Jino lilivunjikia ndani, wakashinda naye asubuhi nzima, alilia kama mtoto mchanga na akaomba radhi.

"Jumanne alirudi kazini," alisema Kupe, akiwa anajisemea kama anayepanga tofali. "Akatazama, akaona kimya. Kila mstari unasema imefikishwa. Fundi akiona kimya hudhani ni uzima. Lakini kama zile barua zingeendelea kurudi, au bosi angempigia simu ya maneno mawili kwamba mashine yako inanisumbua, angelijua kosa lake mapema na kulisahihisha kabla chai haijapoa. Angekosea, akasahihisha, na watu wakachimba mchanga wao."

"Unanihukumu?" Meneja aliuliza.

"Mimi siyo hakimu. Neno la siri la mashine hii wanalijua wangapi?"

"Limebandikwa hapo."

"Na ufunguo wa chumba?"

"Mimi ninao. Waya anao. Mwingine uko kwenye msumari, nyuma ya mlango wa ofisi yangu."

"Nani huuchukua?"

"Anayeuhitaji."

Yule mtaalamu wa makao makuu aliyeketi kwenye ndoo alikuwa amefunga begi lake taratibu, zipu kidogo kidogo, kama mtu anayetaka isisikike kwamba alikuwepo.

*

"Lifungue hilo pipa," alisema Kupe.

Sajini alilifungua. Barua zilikuwa zimerundikana humo tangu Jumatatu: taarifa za kina cha maji, za mafuta ya jenereta, za zamu, na ile *Umeamkaje mama* ya dakika chache zilizopita. Alikuwa anazishukia moja moja, akasimama.

"Ile tahadhari haimo."

"Imefutwa?"

"Ngoja." Vidole vyake vilikwenda haraka, kisha vikapunguza mwendo. "Haijafutwa. Iko chumba cha pili."

"Chumba cha pili ndiyo nini?"

"Sanduku la barua humu lina vyumba viwili. Barua ikiingia inakaa chumba cha mpya. Mtu akishaifungua, programu inaihamishia chumba cha zilizoonwa na kuibandika alama. Hizi zote ziko chumba cha kwanza, hakuna aliyewahi kuzigusa. Hii moja iko chumba cha pili. Ina alama."

"Mashine haiwezi kuihamisha yenyewe?"

"Ingehamisha zote. Hii imefunguliwa na mtu, afande. Mtu aliyekaa hapa."

"Lini?"

Sajini alimwonyesha kwa kidole badala ya kutamka. Kupe alitoa kijikaratasi alichoandika muda wa milango kufunguliwa, akakiweka kando ya kioo. Akakiangalia tena. Barua ilikuwa imefunguliwa na kusomwa milango ikiwa bado imefungwa. Ilikuwa bado imebaki sehemu kubwa ya ile nusu saa.

Alimgeukia Meneja.

"Mimi nilikuwa ukutani na wageni," alisema Meneja. "Nina picha. Nipo kwenye picha zote."

"Na wafanyakazi wengine?"

"Niliamuru wote wawe ukutani, hata yule wa milango, mitambo yake iko huko huko. Wapige makofi. Waya yumo pia, ndiye aliyeshika waya wa kipaza sauti." Alitoa simu, akaonyesha. Kweli, shavu lile lilikuwa pembeni ya picha, limevimba, macho yakimtazama mzungumzaji. "Hapakuwa na mtu ofisini. Hapakuwa na mtu!"

"Palikuwa na mtu," alisema Kupe.

Aliichomoa diski ya mashine kwa maelekezo ya Sajini, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi, akamwandikia mtaalamu risiti kwamba kazi yake ya leo imekosekana. Mkuu wa kituo alipiga simu mara mbili wakiwa njiani. Mara ya kwanza Kupe hakupokea. Mara ya pili alipokea, akasema mashtaka ya fundi hataandika, mwenye mkono mwepesi aandike mwenyewe na asaini mwenyewe, halafu akasikiliza matusi mpaka yalipoisha.

Dada yake Waya alikuwa pale pale benchini. Jua lilikuwa limehamia miguuni mwake. Kupe aliketi upande wa pili wa benchi, mfuko wa diski katikati yao, akamweleza yote kwa maneno yale yale ya nyumba na tarishi, bila kuongeza na bila kupunguza. Kwamba ndugu yake alikosea jina la nyumba, na kwamba hilo ni kosa lake kweli. Kwamba kosa hilo peke yake lingepiga kelele siku tatu mfululizo, na lilipiga, mpaka mwenye cheo akaamuru linyamazishwe. Kwamba kuna mkono uliotii. Na kwamba barua ilisomwa.

Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Alifungua kifuniko cha chupa, akanusa, akasema imepoa, atamwomba askari maji ya moto. Alisimama, chupa mkononi, akapiga hatua kuelekea mlango wa mahabusu. Hapo akageuka.

"Hiyo barua, afande. Ilikuwa ndefu?"

"Mistari miwili."

"Ilisemaje?"

"Milango inafunguliwa. Watu wote watoke mtoni."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa hesabu akaikuta ni sahihi.

"Basi huyo mtu," aliuliza, "alipomaliza kusoma hiyo mistari miwili, alifanya nini?"